Kutoka Ziwa Jilore Hadi Hori ya Mida kwa Miguu

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na nyote ambao salamu hizo mbili hazikuwafikia, hamjambo.

Mwenyekiti wetu, wazee wa vijiji, mama zangu mliotoka Watamu na mliotoka Jilore, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaoongoza wageni, ambao ndio mlionifuata nyumbani mkaniomba nije: ahsanteni sana. Mlitaka nizungumzie kutembea kwa miguu, pwani na ziwani. Nimekubali kwa moyo wote, maana ndiyo kazi niliyobaki nayo tangu nistaafu ualimu. Kila mwezi natoka na watoto wa shule, mara ufuoni, mara ziwani, na kila nirudipo naona kuna jambo ambalo wazazi wao pia walifaa kuliona.

Nianze na kwetu. Baba yangu alikuwa Mbajuni, mvuvi wa Watamu. Mama yangu ni Mgiriama wa Jilore. Likizo ya Agosti, kusi likivuma na bahari imechafuka, tulipelekwa Jilore kwa hawe, yaani nyanya yetu mzaa mama. Desemba tukarudi Watamu. Na kati ya nyumba hizo mbili hatukupanda gari. Tulitoka Watamu alfajiri, tukapita Timboni, tukafika Gede jua halijawaka, tukanywa sturungi na mahamri kwa shangazi. Kisha tukaufuata ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, msitu mkono wa kushoto, mashamba mkono wa kulia, mpaka jioni tukawa kwa hawe. Kichwani mama alibeba kapu la ng'onda. Wakati wa kurudi kapu lilelile lilijaa mahindi na kunde. Samaki walikwenda bara, nafaka ikaja pwani, na njia ilikuwa moja.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Njia ya ziwani na njia ya pwani ni njia moja, na sisi tunaikata. Tumeigeuza pwani kuwa mahali pa kumpeleka mgeni, tumelisahau ziwa, na katikati tumejenga kuta.

Tuanze baharini, kwa kuwa wengi wenu ndiko mnakofanyia kazi.

Anayetaka kutembea pwani aanze kwa kuutazama mwezi kabla ya kutafuta viatu. Mwezi unapoandama na unapopevuka huja bamvua: maji hujaa sana, na hupwa sana. Huku kwetu, siku za bamvua, maji hufika chini kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita meta 3. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na hupwa mapema alfajiri na tena jioni. Kila siku hayo yote husogea mbele kwa dakika kama 50. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6. Ni hesabu ndogo, mtoto wa darasa la nne anaiweza, lakini nimekutana na waongozaji wanaovaa fulana za kazi na hawaijui.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ufuo wetu wa Watamu haukunyooka. Ni vighuba, na kati ya kighuba na kighuba kuna rasi ya jabali la matumbawe lililoliwa na mawimbi chini, juu limechongoka kama msumeno. Saa nne asubuhi ya bamvua unaizunguka rasi hiyo kwa miguu juu ya mchanga mkavu. Saa kumi alasiri, mahali palepale, maji yanapiga jabali na hapana pa kushika. Mwaka mmoja nilitoka na darasa zima. Tulichelewa kuondoka kwa saa moja na nusu, nikajiambia kwamba tutawahi. Tulipofika kwenye rasi ya pili maji yalikuwa magotini mwa watoto wadogo na yanapanda. Niliwageuza. Wengine walilia, kwa kuwa walikuwa wameahidiwa kuogelea kighuba cha mbele. Tulirudi tukiwa tumeshikana mikono, na tangu siku hiyo siondoki na mtoto wa mtu kabla sijajua maji yatakuwa wapi nitakapokuwa nikirudi.

Wanaoyajua mambo haya kuliko mimi ni mama zetu wanaokwenda kutafuta pweza. Wao hawana jedwali la maji, wana mwezi. Siku za bamvua utawaona wameinama juu ya mwamba, fimbo mkononi, wakisoma mashimo. Kijana, unapompitisha mgeni hapo, simama, mwamkie mama kwa heshima, muulize kama anaridhia kutazamwa. Akikubali, mwache yeye aeleze. Na malipo ya maelezo hayo yamfikie mkononi. Nimeona watu wakipigwa picha kama vile miti, na roho inaniuma.

Vaa raba za zamani zenye soli nene. Champali zinateleza, na miba iliyofichwa kwenye maji hayo haichagui mwenyeji wala mgeni. Usikanyage matumbawe yaliyo hai. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika, na bado kuna wanaowatembeza watu juu ya matumbawe kama sakafu ya sebuleni. Tawi linalovunjika chini ya kiatu chako limechukua miaka mingi kukua. Na usiku, ukipita ufuo wenye kasa, usiwashe tochi nyeupe. Kasa jike anayetambaa kwenda kutaga akiona mwanga hugeuka akarudi majini. Mayai yake hukaa mchangani siku kama 50 hadi 60, juu ya mstari wa maji, mahali hasa ambapo sisi hupenda kuweka viti.

Sasa Mida. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana napapenda.

Hori ya Mida inaingia nchi kavu nyuma ya Watamu, na maji yake hutoka na kuingia kwa mlango mmoja. Ukipita kwenye lile daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko unasikia mti mzima ukinong'ona, kaa wakikimbia, matope yakipumua. Mikoko si mti mmoja, na mtembezi anayeita yote mikoko tu amekosa nusu ya safari. Mlilana husimama mbele, uso kwa uso na bahari. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi iliyokunjwa kama magoti. Mkandaa ni mwembamba, na gome lake lilitumiwa kutia rangi. Mchu unapenda kingo, hata palipo na chumvi nyingi ambapo wengine wanakufa, na majani yake ukiyalamba utaonja chumvi. Wazee hapa mbele mnaijua pia muia na mkomafi. Naomba mtusaidie kuwafundisha vijana kuitambua kwa macho, si kwa kusikia.

Boriti za mikoko ya pwani hii yote, kuanzia Lamu hadi chini, zilipakiwa majahazini zikaenda Oman na nchi za Ghuba, ambako miti mirefu ni adimu, na nyumba za huko zikaezekwa kwa miti ya huku. Na maji yakipwa Mida, kuanzia Agosti mpaka Aprili, utaona kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama koleo, wakivunja kaa. Ndege hao huzaliana kwenye visiwa na fuo za Uarabuni, kando ya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Hutaga ndani ya mashimo wanayoyachimba mchangani, jambo ambalo ndege wengine wanaotafuta chakula ufuoni maji yakipwa hawalifanyi. Kisha huja kukaa na sisi wakati wa joto letu. Mbao zilikwenda huko, ndege wanatoka huko. Nikiwaeleza watoto hivyo, huwa wanawahesabu ndege bila kuambiwa.

Kutoka Mida hadi Gede ni mwendo wa asubuhi. Magofu ya Gede mnayajua, sitayarefusha. Mji wa mawe, ulianza yapata karne ya 12, ukahamwa kufikia karne ya 17. Uchimbuaji mkubwa ulianza mwaka 1948, na mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nataka mtazame visima tu. Mji ule uko kilomita kama 6 kutoka baharini, na uliishi kwa maji ya ardhini. Katika sababu zinazotajwa za watu kuuhama, mojawapo ni visima kukauka. Mwongozeni mgeni kisimani kabla ya msikitini, achungulie chini, ndipo mwendelee na safari, kwa kuwa kuanzia hapo kila hatua itahusu maji matamu.

Msitu wenyewe, kilomita za mraba zipatazo 420, una njia zake na sheria zake. Kuna ndovu humo. Hakuna kuingia bila idhini wala bila mwongozaji anayeujua. Ukiingia asubuhi na mapema ukanyamaza, huenda ukamwona yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mgongo wake karibu na mkia una rangi ya dhahabu, anachakura majani makavu. Karibu wote waliobaki duniani wanaishi katika msitu huu. Nendeni naye polepole, msimfuate.

Halafu unatokea Jilore.

Ukisimama juu ya kilima cha Jilore, mgongo umeupa msitu, chini yako kuna ziwa, na nyuma ya ziwa kuna mto. Watu wengi wa Malindi hawajawahi kufika hapo, na ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini. Ziwa Jilore, na jirani yake Chemchem, ni watoto wa mto Sabaki. Mto ukifurika hulinywesha ziwa. Miaka ambayo haufuriki, ziwa hunywea, kingo zinakuwa matope yaliyopasuka, na watu hupanda mahindi pale ambapo mwaka uliopita walivua. Baharini unasoma mwezi. Ziwani unasoma mvua, na si mvua ya Jilore. Hawe alikuwa akisikia kwamba huko bara kumenyesha sana, basi anahamisha vyombo vyake kutoka kando ya maji, hapa kwetu jua linawaka.

Kwa maana mto huu unaanzia mbali. Juu kabisa, pande za Nairobi, unaitwa Athi. Unapita Ukambani, mahali ambapo mvua ikinyesha udongo mwekundu unaondoka nayo. Chini kidogo unapokea mto Tsavo, ambao maji yake yanatoka upande wa Kilimanjaro na katika chemchemi za Mzima. Hapo unakuwa Galana, unaikata mbuga ya Tsavo Mashariki, na ukikaribia bahari sisi tunauita Sabaki. Ni mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Kandokando yake, pale Baricho, kuna visima vinavyopeleka maji Malindi, Watamu, Kilifi hadi Mombasa. Kwa hiyo chai tuliyokunywa asubuhi hii imepitia huko.

Kutembea kando ya ziwa kuna adabu yake. Kiboko anatoka majini jua likizama kwenda kula majani, na anarudi kabla hakujapambazuka vizuri. Njia yake utaitambua: ina mifereji miwili na katikati kuna tuta, kwa kuwa miguu yake imeachana. Ukiiona njia hiyo, ivuke, usiifuate. Usisimame kati ya kiboko na maji hata akiwa mbali kiasi gani; akishtuka anakimbilia ziwani na wewe uko katikati. Tembea kuanzia saa moja na nusu asubuhi, na saa kumi na moja jioni uwe umeshapanda kilimani. Mamba naye ana subira kuliko wewe. Hawe hakuteka maji mahali pamoja siku mbili mfululizo, na alitukataza kuchutama ukingoni. Tulichota kwa kata yenye mpini mrefu, tumesimama.

Ukizingatia hayo, ziwa linakupa mengi. Asubuhi kuna korongo na yangeyange kingoni, na wavuvi wa bara ambao mitego yao ni tofauti kabisa na ya baba yangu. Wanavua kambare na perege, na maneno yao ya uvuvi ni ya Kigiriama. Mtoto wa Watamu akiletwa hapa hugundua kwamba hata yeye, mwana wa mvuvi, kuna uvuvi asioujua.

Sasa nifike kwenye lile jambo la rangi ya maji.

Waongozaji wa Malindi mnaulizwa na wageni, kila mwaka, kwa nini bahari yenu ni nyekundu, na ya Watamu ni buluu? Nimewasikia wengine wakijibu kwa aibu kwamba ni uchafu tu, utaisha. Ndugu zangu, hilo ni swali zuri kuliko yote ambayo mgeni angeweza kuuliza. Mlango wa Sabaki uko kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Kaskazi linapovuma, Novemba hadi Machi hivi, mkondo wa ufuoni huuvuta udongo wa mto kuja kusini, ukaingia ghuba ya Malindi mpaka kwenye hifadhi ya bahari. Kusi likivuma, udongo huohuo unasukumwa kaskazini, kuelekea Mambrui. Ndiyo sababu ufuo wa mji wa Malindi umekua, na mahali ambapo wazee walifunga vyombo leo ni mchanga.

Mimi huwa na chupa mbili. Moja naijaza Jilore, nyingine naijaza Malindi, mwezi wa Desemba. Naziweka dirishani darasani. Baada ya siku mbili udongo umetulia chini, na watoto wanakuja mmojammoja wanazilinganisha. Ni udongo mmoja. Shamba la mtu wa Machakos limelala katika chupa zote mbili. Hapo siwaambii kitu. Wao wenyewe wanauliza, mwalimu, na matumbawe yanapumua vipi chini ya haya? Ndipo nawapeleka tena baharini wakaone matumbawe ya upande wa Malindi yanavyofunikwa na udongo, na ya Watamu, yaliyo mbali na mlango wa mto, yanavyopata nafuu.

Kijana, mgeni akikuuliza kwa nini maji ni mekundu, mwambie: kesho asubuhi nitakuonyesha. Na kesho mpeleke Jilore. Hiyo ni siku nzima ya kazi kwako, ni chakula cha mchana kilichopikwa na mama wa Jilore, ni malipo kwa mwenyeji wa kule anayejua viboko wamelala wapi. Lakini usijifanye unalijua ziwa kwa kuwa unaijua bahari. Mchukue mwongozaji wa Jilore, mgawane nusu kwa nusu, naye akija Watamu umfanyie hivyohivyo.

Na mkiwa kilimani, mkiutazama mto, msisahau kumtaja Mekatilili wa Menza. Mwanamke huyu mwaka 1913 aliizunguka nchi ya Wagiriama kwa miguu, kijiji kwa kijiji, akicheza kifudu, akiwaambia watu wakatae kodi na wakatae watoto wao kupelekwa kazi ya kulazimishwa. Waingereza walimkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 walitoroka, wakarudi nyumbani, mamia ya kilomita. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ililipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, na ikawaamuru Wagiriama waliokuwa wakiishi kaskazini ya Sabaki wahame kutoka ng'ambo ile yenye rutuba mnayoiona kutoka kilimani. Mto huu ulifanywa mpaka wa kuwazuia watu wasivuke kwenda kwenye mashamba yao wenyewe. Leo kaburi la Mekatilili liko Bungale, ng'ambo hiyohiyo. Kila ninapowafikisha watoto hapo, nawaambia kwamba kwenda kwa miguu kulikuwa silaha yake, na nawaona wanasimama wima.

Sasa nizungumze na wazee, na viongozi waliopo.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imeorodhesha ardhi ya umma. Ndani ya orodha hiyo imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Imo pia mito na maziwa. Serikali ya kitaifa imeshika amana kwa niaba ya wananchi, na msimamizi ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kwa hiyo ule mchanga uliolowa ni wako, mama, na mtu yeyote akikuambia unapita mbele ya kiwanja chake, wewe uko kwenye ardhi yako. Ziwa nalo ni lako. Tatizo lipo kwenye kufika. Una chumba na huna mlango.

Nitawaeleza njia mbili ninazozijua mwenyewe. Ya kwanza ni kichochoro cha Watamu kilichokuwa kikishuka kwenye diko la baba yangu, yaani mahali pa kutia vyombo vya uvuvi. Kiwanja cha jirani kikauzwa. Kwanza ukawekwa ua wa makuti, tukapita kando. Mwaka wa pili ukaja waya, umesogea hatua mbili. Mwaka wa tatu ukaja ukuta, na ukuta ukawa na lango, na langoni akawekwa mtu wa kutuuliza tunakwenda kwa nani. Baba alijibu, nakwenda baharini. Alijibu hivyo kila alfajiri kwa miezi mingi, na nyavu begani. Hatimaye wazee wanne walikwenda kununua ramani ya upimaji, wakaitandaza mezani ofisini, na kichochoro kilikuwemo, kimechorwa, kina upana wake. Lango likaondolewa. Kile kichochoro kipo mpaka leo, na leo asubuhi nimepitia hapo.

Ya pili ni njia ya hawe ya kushuka ziwani. Hiyo haikuchorwa popote. Ilipita katikati ya mashamba ya watu waliojuana, na nani angechora njia ambayo kila mtu anaijua? Wenye mashamba walipofariki, ardhi ikagawanywa, viwanja vikapimwa, na mpimaji hakuona njia kwa kuwa mwaka ule ziwa lilikuwa limekauka na hapakuwa na mtu wa kushuka. Mvua ziliporudi, maji yalikuwepo, njia haikuwepo. Wanawake wa pale leo wanazunguka kwenda kuyafikia maji wanayoyaona kutoka mlangoni mwao. Nimesimama na binamu yangu kwenye uzio ule. Hakuna aliyemwibia mtu. Kila mmoja ana hati yake, safi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba njia ilikufa na hakuna wa kumlaumu, isipokuwa sisi tuliokaa mwaka mzima bila kuipita na miaka yote bila kuiandika.

Kwa hiyo ombi langu halihitaji fedha za mfadhili. Kabla ya shamba lolote kupimwa na kugawanywa, pande za ziwa na pande za pwani, wazee waitembee njia pamoja na mpimaji, mbele ya wanawake wanaoitumia, kwa kuwa wao ndio wanaojua inapopinda. Na nyinyi vijana mna simu zinazoweza kuandika mahali mlipopita. Zitumieni. Njia ikiwa na jina na mchoro, na ikapitwa kila wiki, inakuwa na mashahidi.

Majina ndiyo yanayopotea upesi. Kila kighuba kilikuwa na jina la Kibajuni kabla hakijapewa jina la hoteli. Kila mteremko wa Jilore ulikuwa na jina la Kigiriama, mara jina la mti, mara la mtu aliyefukuzwa na kiboko. Baba yangu alijua mengi, na mimi nilikuwa na haraka ya kusoma, sikumwandika. Amefariki, Mungu amrehemu. Wapo wachache hapa mbele ambao bado wanayajua. Naona mzee wangu wa Mida anatikisa kichwa. Tutakuja kwako, baba, na daftari.

Nimemalizia hapo upande wa maneno, na sasa ni mwendo. Likizo ya Agosti, siku moja kabla ya mwezi mwandamo, tutakutana Jilore kilimani saa moja na nusu asubuhi. Tutashuka ziwani pamoja na waongozaji wa pale, saa tatu tuwe tumepanda, kisha tuufuate ukingo wa msitu hadi Gede, msitu ukiwa mkono wa kulia. Tutalala shuleni Gede. Kesho yake saa mbili tunaondoka kwenda Mida. Kila mmoja aje na maji lita 2, kofia, raba za zamani, na daftari. Kila kichochoro tutakachokipita tutaandika jina lake, na jina la mzee aliyetuambia. Mama wanaotafuta pweza wamekubali kutungoja, lakini wao watakuwa na kazi yao. Siku hiyo maji yatakuwa yamepwa kabisa kama saa nne na nusu. Msichelewe.